Harambee ya Hadubini ya Zahanati Yetu, Siyu

Assalaam aleikum wazazi, wanafunzi wa zamani na wana wa Siyu mlioko Amu, Mombasa na ng'ambo.

Tunarudi kwenu tena, na haya tunaona, kwani paa la madrasa mlituezekea nyinyi hao hao. Lakini viganja vya watoto vimekuwa vyeupe kwa safura, minyoo inayonyonya damu, na choo chao kinapimwa mbali, huko Amu. Chombo cha kuvukia hungoja maji yajae. Kikombe cha choo kinashinda na joto, mayai ya safura yanaanguliwa, na kufika Amu hayaonekani tena. Jibu linarudi: hakuna minyoo. Mtoto bado hana damu.

Si wanapewa vidonge shuleni? Wanapewa, na viendelee. Ila albendazo, dawa ya vidonge hivyo, ya miligramu 400 mara moja huondoa mchango vizuri, safura kiasi, na minyoo mjeledi mingi husalia. Bila kupima, hatumjui aliyebaki nayo.

Wengine wanataka vijiti vya kupima haraka kama vya malaria. Kile cha mkojo kinachouzwa hushika zaidi kichocho cha tumbo, siyo hiki cha mkojo cha pwani yetu, na minyoo hii hakiigusi. Kipimo cha haraka tunachokiweza ni Kato-Katz, yaani kuhesabu mayai ya minyoo kwenye choo kwa hadubini. Choo kibichi husukumwa kwenye chekecheke ya nailoni, kikajaza tundu la kibao lenye miligramu 41.7 juu ya slaidi (kipande cha kioo), kikafunikwa kwa selofani iliyolowa gliserini kwa angalau saa 24, slaidi ikapinduliwa na kubanwa. Mayai ya safura yasomwe ndani ya nusu saa hadi saa moja. Ukichelewa, gliserini huyafuta. Hesabu ya mayai huzidishwa kwa 24, ndiyo mayai kwa gramu. Slaidi ziwe mbili kwa kila mtoto, maana moja hukosa maambukizi madogo.

Mpimaji tunaye, chombo hana. Tunahitaji hadubini moja yenye lenzi za 10 na 40, taa ya sola na kioo cha kuakisi jua, sanduku lisilopitisha hewa na silika jeli ya kunyonya unyevu (unyevu wa bahari huotesha ukungu kwenye lenzi), vibao, chekecheke, selofani na slaidi.

Harusi tunazichangia kwa siku mbili, alhamdulillah. Na hili tulichangie hivyo hivyo. Mweka hazina hupokea kila Ijumaa baada ya sala. Fedha hutoka kwa sahihi tatu, na risiti zitabandikwa ubaoni msikitini. Mwenye hadubini iliyotumika ailete, mradi lenzi zake hazina ukungu.