Nyigu mliyemchafulia jina hana kosa

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lenu tangu ujana wangu na sijawahi kuwaandikia, hata mlipokosea mambo makubwa. Ila ile habari yenu ya "nyigu wanaotaga mayai kwenye muhogo", pamoja na ushauri mlioubandika chini yake kwamba mkulima awahi kupulizia dawa, imenishinda kumeza.

Vile vidude vya kahawia kwenye picha yenu si mayai. Ni maiti za vidung'ata, wale wadudu wenye unga mweupe wanaoshambulia muhogo. Mwandishi wenu angebandua kimoja kwa ukucha angekuta gamba kavu, gumu, na pengine kitundu cha mviringo mwishoni. Hapo ndipo alipotokea nyigu, Anagyrus lopezi, mdudu asiyefikisha hata milimita 2, asiyeuma mtu wala kugusa jani la muhogo. Jike humchoma kidung'ata na kumwachia yai ndani. Buu huanguliwa humo humo na kumla mwenyeji wake taratibu, hadi ngozi inavimba, inakauka na kugeuka kahawia. Wiki mbili tatu tangu yai litagwe, nyigu mpya anatoboa na kutoka. Na hesabu anazijua: kidung'ata mkubwa hupewa yai lililorutubishwa, atoke jike, mdogo huachiwa lisilorutubishwa, atoke dume. Wengine wachanga anawachoma tu na kuwafyonza maji, nao wanakufa.

Kidung'ata wa muhogo alitoka Amerika Kusini, akagunduliwa Kongo-Brazzaville na Zaire (Kongo-Kinshasa ya leo) mwaka 1973. Hana haja ya dume. Wote ni majike na kila mmoja hutaga mayai kwa mamia. Kuna mashamba yaliyopoteza hadi asilimia 80 ya mavuno. Nyigu huyu alipatikana Paraguay mwaka 1981, akaachiwa Nigeria mwaka huo huo, kisha akasambazwa nchi baada ya nchi, na Hans Herren aliyeongoza kazi hiyo akapewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Mkulima hakudaiwa hata senti. Leo nyinyi mnataka tumpulizie sumu.

Jirani yangu aliwasikiliza. Alikata ukurasa wenu, akaenda nao dukani, akarudi na chupa, akapulizia shamba lake lote siku ya upepo. Kidung'ata dawa ile haikumfanya kitu, maana amejipaka unga wa nta na kujichimbia ndani ya kilele. Aliyekufa ni nyigu, anayetembea wazi juu ya majani. Sasa vilele vya mistari yangu ya mpakani vimejikunja kama ngumi, pingili za shina zimefupika, unga mweupe umejaa hadi kwenye vikonyo, na sisimizi wanapanda na kushuka wakilinda maji matamu yanayotoka kwa vidung'ata. Nikimlalamikia, ananinyooshea gazeti! Na hiyo chupa yenyewe haikuwa na lebo. Muuzaji alimimina kutoka kwenye dumu lake, chupa ilikuwa ya maji ya kunywa, kipimo eti kifuniko kimoja, na alipoulizwa dawa ni ya mdudu gani akajibu ni ya wote. Biashara hiyo inafanyika mchana kweupe na hamjaiandika hata siku moja. Nafasi mtaipata wapi, na ukurasa wa kilimo mmeukata nusu kupisha utabiri wa mechi, ambao nao haupatii?

Ombi langu ni hili. Mwandishi wenu achume majani yenye yale "mayai" yake, ayatie kwenye chupa ya kioo, afunge mdomo kwa kitambaa chepesi na mpira, aiweke mezani kwake kivulini, asiifungue. Nyigu wakitoka, awapige picha, muichape ukurasa ule ule, kwa ukubwa ule ule. Nakala mbili mziache dukani kwa yule muuzaji. Moja ataifikisha kwa jirani yangu, maana bado ni mteja wake.

Mkulima wa muhogo