Barua kwa Mwanangu Anayekwenda Kolo

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mama yako hajambo, mimi ni magoti tu. Nimefurahi kusikia likizo hii unakwenda Kondoa kuona michoro ya miambani. Tulia nikueleze, maana Kolo, kijiji cha huko Kondoa chenye michoro hiyo, nakijua.

Enzi zangu za lori nilipita pale mara nyingi bila kusimama, hadi springi iliponikatikia mwaka 1994. Barabara ilikuwa ya vumbi, na kipuri kilifika siku ya tatu. Mzee mmoja wa Kirangi alitupokea kwake, mimi na utingo wangu. Tulikula ugali wa uwele na mlenda, mkewe ameupekecha chunguni hadi unavutika kama uzi.

Asubuhi ya pili mzee akanipandisha Mongomi, kilima chenye michoro. Tulipoukaribia mwamba alisimama, akasema maneno machache kwa Kirangi kwa sauti ya chini, ndipo akanipisha. Ukutani kuna watu warefu, wembamba, wa rangi nyekundu, vichwa vimetanuka kama nywele zilizotimka, wameshikana mikono wanavutana. Nikauliza nani kachora. "Tumeikuta," akanijibu. Akaniambia mvua ikikawia wanakuja hapo kutambika.

Mary Leakey, yule mtafiti wa mambo ya kale, aliinakili michoro ya huko mwaka 1951, na UNESCO ikaiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Wataalamu husikitika kwamba pombe ya matambiko ikirushwa ukutani inaharibu rangi. Kweli inaharibu. Lakini wale wanaotambika ndio waliouogopa na kuuheshimu mwamba huo kabla sisi wapita njia hatujaujua, na siwezi kuwaona kama wavamizi kwao. Basi nenda kama unayeingia mahali pa ibada ya watu. Pitia ofisi ya mambo ya kale pale Kolo upewe mwongozaji. Beba kanga, Warangi wengi ni Waislamu. Shikamoo kwanza, maswali baadaye. Ukikaribishwa chakula, keti ule.

Na kamera, mwanangu. Jioni ile mkewe mzee alikuwa anapeta uwele, jua limemwangukia mikononi, nikampiga picha bila kumwomba. Aliweka ungo chini akaingia ndani, na hakutoka tena hadi tunaondoka. Mzee hakusema neno. Walitulaza, wakatulisha, nami nikamtenda hivyo mama wa watu.

Picha yenyewe nimeiweka ndani ya bahasha hii. Nilisikia kwa madereva kwamba wazee wote wawili wametangulia mbele ya haki, ila kitinda mimba wao yupo pale pale nyumbani. Nyuma ya picha nimeandika jina la baba yake. Uliza taratibu, utaonyeshwa. Mpelekee kilo mbili za sukari na majani ya chai, kaa naye kwanza, kisha mkabidhi picha ya mama yake na umwambie baba yangu anaomba radhi. Asipotaka kuipokea, usimshurutishe. Rudi nayo.

Baba yako