Barua kwa kaka, Hombolo

Leeds, Uingereza

Kaka, shikamoo.

Mimi huku mzima, baridi tu ndiyo inanisumbua. Poleni na kazi ya kuvuna zabibu.

Nimeyawaza sana yale uliyonieleza kwenye simu kuhusu binti yako. Kwamba saa kumi na moja ikigonga anafunga kompyuta na kuaga, bosi bado kakaa mezani. Kwamba ana miezi minne tu pale ofisini Dodoma mjini na tayari anadai mkataba wa maandishi, anaulizia na malipo ya saa za ziada. Ukasema vijana wa siku hizi hawana adabu ya kazi. Hapo, kaka, sikubaliani nawe.

Unakumbuka baba alipokuwa karani wa ghala? Mama alikuwa akimfunikia ugali wa uwele kwa sinia, tunalala haujaguswa. Asubuhi tunakuta mlenda umekauka kwenye kingo za bakuli, naye keshaondoka tena. Likizo hata siku moja hakwenda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ilitungwa mwaka 2004, yeye bado yuko kazini: saa 45 kwa wiki, zinazozidi zilipwe mara moja na nusu, likizo siku 28 kwa mwaka. Hakuna aliyemwambia, naye hakuuliza, maana kuuliza kulihesabiwa kiburi. Mwanao ameuliza.

Huku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, msimamizi wetu wa zamu ni binti wa miaka 26. Mwanzoni nilikuwa nabaki baada ya zamu nikikunja mashuka, nikidhani atanisifu. Siku moja akanichukua shuka mkononi, akasema nikalale, kwa sababu kesho bibi wa chumba cha mwisho atahitaji mtu mwenye nguvu wa kumgeuza. Niliona kama nimefukuzwa. Kwenye basi nikamkumbuka baba, machozi yakanitoka.

Moja nakuunga mkono: kuwajibu wakubwa kwa ujumbe wa neno moja, bila hata salamu. Hilo mkanye, na mimi nitaongea naye. Ila la mkataba usimvunje moyo, nakuomba sana. Akija nyumbani Jumapili, muulize amejibiwa nini, halafu unipigie.

Mfikishie mama shikamoo yangu. Shemeji na watoto nawasalimu.

Mdogo wako