Shoga, usikubali simu ifutwe

Mwanga, Kigoma

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku Kigoma. Sisi wazima, watoto wazima, mvua zimeanza na upepo wa ziwani unavuma kila jioni. Natumaini wewe hujambo, shemeji hajambo, na wanafunzi wako hawakusumbui sana. Ujumbe wako nimeupata, kwamba simu yako ukiichomeka kwenye kompyuta ya shuleni ili utoe sauti na picha za marehemu mkweo inachaji tu, kompyuta haiioni, na fundi anataka kuiflashi. Nimeona nikae nikuandikie kwa kirefu, maana mambo haya tukiyaongea kwa simu yanaishia njiani: dakika zinaisha, au mteja anaingia anataka kutoa kopi.

Kabla hujasoma mengine, nakuomba sana, usimwachie huyo fundi simu yako aiflashi. Mwambie asubiri. Kuflashi ni kuiandika upya programu mama ya simu, na yapo magonjwa ambayo dawa yake ni hiyo kweli, kama simu iliyogoma kuwaka au inayokwama kwenye nembo haifunguki. Yako inawaka, inapiga, inapokea, na umeniambia mwenyewe kwamba sauti za marehemu mkweo bado unazisikiliza humo humo. Kinachogoma ni kuonekana kwenye kompyuta, basi. Sasa simu ikiflashiwa, mara nyingi vilivyomo ndani vinafutwa vyote. Tena simu za miaka hii hufunga kumbukumbu zake kwa ufunguo wa siri unaokaa ndani ya simu yenyewe. Ukiifuta, ufunguo nao unakwenda, na hapo hata ukipanda treni mpaka Kariakoo hupati wa kukurudishia.

Mzee alivyokuwa anasimulia maisha yake ya relini, Malagarasi, Nguruka, Usinge, Kaliua, kila stesheni na kisa chake, hakuna mwingine atakayesimulia vile. Kwa hiyo tuende taratibu, tuanze na vile visivyoweza kuharibu chochote.

Umeandika kwamba waya ni mzima kwa sababu simu inachaji. Shoga, hapo ndipo watu wengi wanapopotelea. Waya wa kawaida wa USB una nyuzi nne ndani yake: mbili zinapitisha umeme wa volti 5, na mbili zinapitisha mawasiliano. Kuna nyaya nyingi sokoni zilizotengenezwa kwa kuchajia tu, hasa zinazokuja na tochi, redio ndogo na spika. Zile nyuzi mbili za mawasiliano hazimo kabisa. Kwa nje zinafanana na nyingine zote. Ukichomeka, simu inaonyesha inachaji, kompyuta haijui hata kama kuna kitu kimechomekwa.

Chukua waya wako sasa hivi, utazame ndani ya kile kichwa bapa kinachoingia kwenye kompyuta. Kwenye waya uliokamilika utaona vibati vinne vya rangi ya dhahabu vimepangwa, viwili vya pembeni virefu kidogo kuliko viwili vya katikati. Baadhi ya nyaya za kuchajia hazina vile viwili vya katikati, pamebaki plastiki tupu. Ukikuta hivyo, kesi imeisha. Ila ukiviona vyote vinne usiridhike moja kwa moja, kwa sababu nyuzi zinaweza kuwa zimekatika ndani, hasa pale shingoni panapokunjwa kila siku. Njia ya uhakika ni kuazima waya ambao umeuona kwa macho yako ukihamisha picha kwenye simu ya mtu mwingine. Ule uliokuja na simu tangu dukani, kama bado upo kwenye boksi, ndio wa kwanza kuujaribu.

Ukishabadilisha waya na hali ni ile ile, angalia tundu la simu. Hapa kibandani kwangu alikuja mama mmoja anayeuza dagaa Kibirizi, anataka kuprinti picha za risiti zake. Simu inachaji, lakini ukiigusa kidogo inaacha, ukiirudisha inachaji tena. Nikaizima, nikawasha tochi, nikatazama tunduni. Kumbe ndani pameshindiliwa uchafu: nyuzinyuzi za kitenge kutoka mfukoni, zimechanganyika na mchanga mwembamba wa kule wanakoanika, zimegandamana kabisa. Nikautoa polepole kwa kijiti cha meno. Nilipochomeka tena, waya uliingia mpaka mwisho, ukalia ule mlio mdogo wa kubana, na kompyuta ikaitika. Tundu la Type-C, lile la duara bapa la simu nyingi za siku hizi, lina vibati 24, na vya umeme vimerudiwa pande zote, kwa hiyo simu inaweza kupata moto huku vile vya mawasiliano havijagusana. Na wewe vumbi la Tabora la kiangazi unalijua. Zima simu kwanza, tumia kijiti cha mti, usithubutu kuingiza sindano wala pini, na usipulize kwa mdomo maana mate yanaingia.

Baada ya hapo ndiyo tuje kwenye simu yenyewe, na nina imani kubwa kwamba jibu lako liko hapa. Zamani simu ilikuwa inaikabidhi kompyuta memori yake yote, kama flashi. Sasa hivi simu za Android zinatumia utaratibu unaoitwa MTP. Ni kama duka lenye nondo: mteja haingii ndani, anaomba kilichopo, mwenye duka anakichukua mwenyewe na kukupitishia dirishani. Simu ndiyo mwenye duka. Ikiwa imejifunga kioo, dirisha limefungwa, na kompyuta itakuonyesha jina la simu lakini ukifungua ndani unakuta patupu. Wengi wakiona patupu wanalia kwamba picha zimepotea. Hazijapotea.

Tena tangu Android 6 iliyotoka mwaka 2015, simu ikichomekwa kwenye kompyuta inachagua kuchaji tu, kwa ajili ya usalama wako, ili mtu asichukue vitu vyako pale unapoomba chaji ofisini kwa watu. Kuhamisha faili lazima uruhusu mwenyewe. Fanya hivi: chomeka, fungua kioo kwa namba zako za siri, kisha vuta pazia la juu kwenye kioo pale zinapokaa taarifa. Utaona taarifa ndogo inayosema simu inachajiwa kwa USB. Iguse, pengine mara mbili, itafunguka orodha. Chagua kuhamisha faili. Kwenye baadhi ya simu utaona herufi MTP. Subiri kidogo, usiwe na haraka. Kioo kisizimike wakati huo. Ukichomoa na kuchomeka tena, simu nyingi zinarudi kwenye kuchaji, na utachagua upya.

Ikiwa taarifa hiyo haitokei kabisa, hata umevuta pazia mpaka mwisho, basi rudi kwenye waya na tundu, kwa sababu maana yake simu haijatambua kwamba upande wa pili kuna kompyuta. Hii alama naipenda sana kwa sababu inakuambia ugonjwa uko upande gani. Taarifa ipo, umeshachagua kuhamisha faili, na kompyuta bado iko kimya: hapo geukia kompyuta.

Umesema kompyuta ni ya shuleni, ya mezani. Acha matundu ya mbele, chomeka nyuma. Yale ya mbele yanaunganishwa kwa waya mwingine ndani ya boksi, na mara nyingi ndiyo yanayolegea kwa sababu kila mtu anachomeka flashi hapo. Usipitishie kwenye kigawanyio cha USB, kile kinachogeuza tundu moja kuwa mengi. Zima kompyuta kabisa uwashe, zima na simu uwashe. Najua ushauri huu unachosha, lakini unaponya mengi. Kisha bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Windows, ingia kwenye orodha ya vifaa, imeandikwa Device Manager. Ukiona kifaa chenye alama ya njano ya mshangao na jina la simu yako au herufi MTP, kiondoe hapo kwenye orodha, chomoa waya, washa upya kompyuta, chomeka tena. Windows itakiandikisha upya yenyewe.

Kuna jambo moja ambalo fundi wa mtaani anaweza asilifikirie, na wewe linakuhusu kwa sababu kompyuta zenu ni za msaada kutoka Ulaya. Mwaka 2004 Tume ya Ulaya iliiamuru Microsoft iuze kule Windows isiyokuwa na programu yake ya kuchezea muziki na video. Matoleo hayo yana herufi N mwishoni mwa jina, na mpaka leo yapo. Programu hiyo ilipoondolewa, na kile kipande kinachozungumza MTP hakimo. Kwa hiyo unaweza kuwa na waya mzima, simu nzima, ukachagua kila kitu sawasawa, na kompyuta isikuonyeshe kitu. Ingia kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya mfumo, halafu ile ya maelezo ya kompyuta, usome jina la toleo. Ukikuta N, kile kipande kinachokosekana Microsoft wanakitoa bure kwa intaneti, kinaongezwa, unawasha upya, basi. Ningefurahi sana ukiangalia hili hata kama simu yako itakubali kwa njia nyingine, maana walimu wenzako nao wanahangaika na kompyuta hizo hizo.

Simu ikishaonekana, picha ziko kwenye folda ya DCIM. Sauti za mzee zinaweza kuwa sehemu nyingine kulingana na aina ya simu, kwa hiyo fungua ile programu uliyorekodia, gusa sauti moja, utazame maelezo yake, itakuambia folda. Usipoiona kwenye kompyuta wakati kwenye simu ipo, washa upya simu ili ipange orodha yake upya.

Halafu nakusihi, nakili, usihamishe. Ukichagua kukata na kubandika, na umeme wa shule ukakatika katikati, faili inaweza kuwa haipo kokote. Nakili kwanza, kisha fungua kila sauti kwenye kompyuta uisikilize mwanzo na mwisho. Zikiwa salama, weka nakala nyingine kwenye flashi ukae nayo nyumbani. Ila kwenye simu usifute chochote mpaka hizo nakala mbili ziwepo.

Na waya ukishindikana kabisa, bado hujakwama. Sauti ni nyepesi: saa nzima ya mazungumzo iliyorekodiwa kwa ubora wa kawaida ni kama MB 60 hivi, na hata Bluetooth inaibeba kwa dakika chache. Video ndiyo mzigo, hizo usizijaribu kwa Bluetooth. Kama simu yako inakubali memori kadi, hamishia nakala humo, toa kadi, ichomeke kwenye kompyuta kwa kisomea kadi. Zipo pia flashi zenye vichwa viwili, kimoja kinaingia kwenye simu moja kwa moja. Ukizipata sokoni ni nzuri sana, maana kompyuta inakuwa haihitajiki hata kidogo. Ila ukituma picha kwa WhatsApp, zitume kama nyaraka, vinginevyo itazibana na ubora utapungua. Sura ya mzee akiwa na kofia yake pale stesheni ya Tabora haifai kubanwa.

Anza na waya na lile pazia la juu leo hii ukitoka kazini. Kama taarifa haitokei, nipigie picha ya kile kichwa cha waya na ya tundu la simu unitumie. Kama inatokea na kompyuta haioni, nipigie picha ya ile orodha ya vifaa na jina la Windows. Mdogo wangu anasafiri na treni mwisho wa wiki kuja huko kwenye msiba, nitampa waya wangu ambao nauamini, atakuletea shuleni au amwachie shemeji pale stesheni, wewe useme ipi rahisi. Utakaa nao mpaka umalize kazi ya mzee yote.

Wasalimie wote nyumbani, na mama mkwe mpe pole zangu tena. Nikipata nafasi baada ya Pasaka nitakuja, na ningependa sana nimsikilize mzee pamoja nanyi.

Ni mimi shoga yako,
wa Mwanga