Siku ya arobaini, semeni kwamba alikuwa kuli

Hamburg, Ujerumani

Mdogo wangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Mimi sijambo, Alhamdulillahi, na watoto wazima. Mfikishie Mama salamu zangu huko edani, mwambie nitampigia Ijumaa baada ya sala. Fedha ya mchele na mbuzi wa hitima nimeituma kwa Shangazi; ukiona itapungua, nijulishe mapema.

Kilichonikalisha kuandika ni hiki. Siku ya arobaini watu watamsifu Baba kwa sala zake na upole wake, na watakuwa wamesema kweli. Lakini wewe nakuomba uitaje kazi yake. Watoto wetu wanajua tu kwamba Babu alikuwa bandarini. Bandarini wapo makarani, wapo mabosi, wapo walinzi. Baba alikuwa kuli wa matishari, vile vyombo bapa vya kubebea shehena majini, na nataka walijue hilo kwa jina lake.

Waeleze ilivyokuwa. Zamani meli kubwa haikuweza kufika gatini Tanga, maji yalikuwa machache. Ilitia nanga huko nje ghubani. Mkonge ukishatoka mashambani Muheza na Korogwe ulipakiwa kwenye matishari, boti ya tagi ikayavuta hadi ubavuni mwa meli, kisha winchi ya meli ikapandisha mzigo. Robota moja la mkonge ni kilo 250. Kati ya robota na winchi walikuwepo watu, na Baba ni mmoja wao: anafunga kamba, anasukuma kwa bega, anaruka pembeni mzigo ukiyumba. Siku za kusi tishari linapanda na kushuka, na winchi haimngoji mtu. Kile kidole chake cha shahada kilichopinda, ambacho wajukuu walipenda kukichezea, kilibanwa huko. Hakuwahi kuwaambia.

Tena kazi yenyewe haikuwa ya kila siku. Kamba za nailoni zilipoangusha bei ya mkonge, meli zikaadimika, gengi lao likawa leo linaitwa, kesho haliitwi. Ndipo akaanza machungwa. Wewe ulikuwa mdogo mno kukumbuka. Alfajiri anapanda baiskeli hadi Muheza, zaidi ya kilomita 30, anarudi na matenga mawili nyuma, anauza Ngamiani mpaka magharibi. Ikiingia meli, machungwa anamwachia Mama auze barazani, yeye huyoo bandarini. Ada yangu ya sekondari ilitoka humo, na yako pia. Usiku mwingine usingizi ulimchukua kabla hajamaliza kula, mkono bado uko sahanini, na Mama anatuashiria tunyamaze.

Wajukuu walimpata ameshapumzika, ndiyo maana wanamjua kwa mengine: kuwapeleka chuoni kusoma Kurani, kuwashonea vifungo vya sare, kukaa nao jioni wakisoma vitabu vya shule. Herufi za shule hakuzijua vizuri, lakini alikuwa msikilizaji hodari. Mtoto akiruka mstari anamwambia, "Rudia hapo, maneno hayajashikana." Mimi nami alinifundisha hivyo hivyo.

Uliniambia kwenye simu kwamba zile gati za mita 450 zilipokamilika, alimwomba kijana wako ampeleke akaione meli imefungwa gatini kabisa, akaitazama mpaka adhana. Nilifurahi mno kwamba aliwahi. Kijana naye apewe nafasi asimulie, yeye ndiye aliyekuwa naye.

La mwisho ni lile daftari la machungwa, limo katika sanduku la bati chini ya kitanda. Ameandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuoni utotoni, kwa hiyo binti yako mkubwa akisaidiwa na Shangazi atalisoma. Angalieni nani Baba alikuwa akimdai, na nani alikuwa akimdai Baba. Aliyekopa kwa Baba, mimi nimesamehe fungu langu na Mama kasamehe lake; nawe ukiridhia, mwambieni yamekwisha. Lakini anayemdai Baba, hata kama ni senti za zamani ambazo leo hazinunui kitu, nipe jina lake nilipe. Ikiwa naye ameshafariki, watafutwe watoto wake. Sitaki hitima isomwe huku deni lake liko kwa mtu. Daftari lisitupwe pamoja na makaratasi mengine. Nipigie picha kila ukurasa unitumie, hata zile ambazo hazisomeki.

Nibusie wajukuu wake wote.

Wasalaam,
Dada yako