Damu si shati la kufuliwa

Mhariri, naandika kutoka Busia, hapa upande wa Uganda. Kuna meseji inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp eti mgonjwa wa sepsisi, ile tunaita damu kuingia sumu, akiwekwa kwa mashine ya kuchuja damu sumu yote inatoka anaamka, na watu wanauza ng'ombe wapeleke mgonjwa India juu ya hiyo mashine.

Shida imeanzia kwa jina. Tukisema "damu imeingia sumu" mtu anawaza basi ifuliwe kama shati, kumbe kwenye sepsisi mwili wenyewe unapigana na vijidudu kupita kiasi mpaka unaharibu figo zake, mapafu, moyo. Filta zipo kweli, kuna moja ya polimiksini B, aina ya antibayotiki, inanasa sumu ya bakteria, Wajapani wanaitumia tangu miaka ya 1990. Lakini Marekani na Kanada waliijaribu kwa wagonjwa 450, majibu yakatoka 2018: waliochujwa na wasiochujwa walikufa karibu sawa. Mwongozo wa kimataifa wa kutibu sepsisi wa 2021 ukashauri isitumike. Sisemi dayalisisi jamani, ile mashine ya kufanya kazi ya figo, hiyo ni kitu ingine, figo zikifeli inaokoa, hata hospitali ya Kiruddu kule Kampala wanafanya.

Mwaka jana shemeji yangu alichomwa na msumari mguuni akaupuuza, siku ya nne anaongea mambo hayaeleweki, presha imeshuka. Daktari aliandika antibayotiki saa tatu asubuhi, ikaingia mshipani saa kumi jioni! Wodi hakuna, famasi ya nje hakuna, mimi na boda mji mzima, na dawa yenyewe kwa mtu wa presha ya kushuka inatakiwa ndani ya saa moja. Saa hizo zote ndugu wako kwa grupu wanachanga pesa ya mashine. Alipona, ila vidole viwili vya mguu vilikatwa.

Na njia ya kuokoa watu tunayo hapahapa. Utafiti wa hospitali za Mulago na Masaka, 2012, uliweka mtu wa kumfuatilia mgonjwa karibu karibu saa sita za mwanzo, dripu na antibayotiki mapema, vifo vya siku 30 vikawa 33 kwa mia, wakati wagonjwa wa kabla yao walikuwa karibu 46. Filta haikuwepo hata moja.

Kwa hiyo Mhariri nakuomba, tuma mwandishi wako azunguke wodi za wilaya aulize antibayotiki ya seftriaksoni iliisha lini, na kipimo cha presha kama kina betri, maana chetu siku ile hakikuwa nazo.