Mwanangu, nimeiona ile sehemu

Tanga, Jumapili usiku

Mwanangu,

Vipi Mwanza, shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, joto la Tanga ni lile lile. Sikupigii simu maana najua utanikatisha katikati kama kawaida yako na hii kitu nataka niiseme yote mpaka mwisho, kwa hiyo tafuta sehemu ukae usome taratibu.

Nimeiona ile sehemu. Ile ya Kung Fu Panda, ile katuni ya panda anayepigana, ambayo sisi hatukuiona.

Si unakumbuka ilivyokuwa pale banda umiza, kibanda chetu cha kuangalizia video, 2009, kiingilio mia, mabenchi ya mbao, gunia limening'inizwa mlangoni ili wasio na hela wasichungulie. Ilikuwa kwenye zile sidii za muvi nane ndani ya moja, kwenye kava kuna Van Damme na Jet Li na yule panda kabanwa pembeni kabisa. Tukaiangalia vizuri tu toka mwanzo, wale Wanyama Watano wakarudi kutoka kwenye daraja wamepigwa na yule adui Tai Lung, Crane yule korongo kawabeba wenzake viungo vimekaza hata kidole hawawezi kutikisa, mwalimu wao Shifu akalishusha lile gombo la siri kutoka kule juu darini kwenye mdomo wa joka, akampa Po, yule panda mwenyewe, Po akalishika vizuri anataka kulifungua... na picha ikaganda. Jamaa wa deki akaitoa akaipuliza, akaifuta na fulana, ikaganda palepale. Akaipaka dawa ya meno akaisuuza, ikaganda palepale. Banda zima linapiga kelele rudisha hela, mwisho akabonyeza rimoti akaruka mbele tukakuta Tai Lung kashafika juu anapigana na Shifu. Yaani tumeruka katikati ya picha yenyewe.

Na ndo ubishi ukaanzia hapo, mwaka mzima tunabishana. Wewe ulisema kwenye gombo kulikuwa na mchoro wa ile mbinu ya kidole, kwamba Po kaisoma mle ndo maana mwisho akamshika Tai Lung kidole, akainua kile kidole chake kidogo na kummaliza. Nikakuuliza sasa mbona Tai Lung alipolifungua alikasirika, ukasema maandishi yale anayaona steringi, yaani shujaa wa picha, peke yake, adui akifungua haoni kitu. Kiingereza cha haraka vile hatukuwa tunakishika na picha ilikuwa haijatafsiriwa, basi mimi nikakubali hivyo, nimeishi na jibu lako miaka yote hii.

Sasa mwezi uliopita binamu yangu yule wa Marekani kaja likizo, kwenye mizigo kaleta boksi la sidii za muvi alizokuwa amezihifadhi toka zamani, anasema kule siku hizi kila kitu kipo kwenye intaneti hana pa kuziweka. Nikapekua pekua nikaikuta. Orijino mwanangu, ile yenyewe iliyotoka Marekani tarehe 9 Novemba 2008, miezi mitano tu baada ya picha kuanza kuonyeshwa majumba ya sinema tarehe 6 Juni. Yaani wakati sisi tunapaka dawa ya meno ile yetu, hii safi ilikuwa ishatoka kitambo. Na ziko mbili kwa pamoja, moja ndo picha yenyewe, nyingine ni kipicha cha kama dakika ishirini na tano kinaitwa Secrets of the Furious Five ambacho nilikuwa sijawahi hata kusikia kama kipo. Nikawa na wasiwasi deki itaikataa maana sidii za kule zina masharti yake, lakini deki yangu ya Kichina haichagui, imeisoma fresh.

Sikuiangalia peke yangu. Niliibeba na deki yake nikaenda kwa Mzee wako Ngamiani, Ijumaa baada ya magharibi, pamoja na binamu na wale wapwa zangu watatu. Mzee miguu bado inamsumbua lakini yuko vizuri, kanipokea kwa furaha, nimempa shikamoo zako zote. Nilimpelekea yeye kwa sababu toka utoto lile panda linalohudumia meza kwenye mgahawa wa tambi wa baba yake huku kichwa chake chote kiko kwenye kung fu lilikuwa linanikumbusha wewe, unakuja banda umiza umechelewa, mikono inanuka supu, ushagombezwa na Mzee kwa sababu umeacha vikombe havijaoshwa. Hili sijawahi kukwambia.

Kwanza kabisa ujue kitu kimoja ambacho mpaka leo kinaniuma hatukukijua. Yule Nyani ni Jackie Chan! Sauti yake. Sisi tuliokuwa tunakosa hela ya daftari kwa sababu ya kumwona Jackie Chan, alikuwepo mle ndani muda wote na hatukujua, maneno yake machache sana lakini ukishajua unamsikia kabisa. Po ni Jack Black, Shifu ni Dustin Hoffman, Tigress yule chui milia ni Angelina Jolie. Na wale watano si kwamba wamechaguliwa tu ovyo, chui milia, nyani, korongo, nyoka na vunjajungu ni mitindo ya kweli ya kung fu ya Wachina, watu wanajifunza kupigana kwa kuiga wanyama hao, ndo maana ukitazama sasa kwa macho ya mtu mzima unaona kila mmoja mapigo yake ni tofauti, Crane hapigi kama Viper yule nyoka hata kidogo.

Halafu ile ndoto ya mwanzo, ile ya michoro ya mkono ambayo tulidhani jamaa kakosea sidii. Aliyeiongoza ni mama mmoja anaitwa Jennifer Yuh Nelson, na kwa kazi ile wakampa picha ya pili nzima aiongoze peke yake, ikatoka 2011, mwanamke wa kwanza kuongoza peke yake katuni ndefu ya studio kubwa ya Hollywood. Nimemwambia mpwa wangu yule anayechora chora kila ukuta, kaniuliza anaitwaje tena, nikamwandikia kwenye daftari lake.

Sasa sehemu yenyewe. Po analifungua gombo, anapiga kelele kabisa kwa woga, alafu... tupu. Hamna kitu mwanangu. Hamna mchoro, hamna herufi, karatasi inang'aa dhahabu basi. Shifu mwenyewe kalitazama hakuamini. Wote wakakata tamaa, Shifu akawaambia waondoe watu bondeni, yeye abaki afe na Tai Lung. Kwa hiyo Po anashuka kijijini amenyong'onyea, watu wanabeba mizigo wanakimbia, anamkuta baba yake yule bata bukini kashapakia mkokoteni wa tambi. Baba wa watu hana habari ya kung fu, anaongelea mgahawa mpya watakaofungua huko waendako. Alafu anamwangalia mtoto wake anaona huyu hayuko sawa, anamsogelea anamwambia ni wakati nikupe ile siri ya supu yangu, kile kiungo cha siri. Ile supu inaitwa kabisa supu ya kiungo cha siri, watu wanapanga foleni. Anamwinamia anamwambia: hakuna. Kiungo hakuna. Ni supu ya kawaida.

Po kanyamaza kidogo, akalifungua tena gombo, na kwenye ule mng'ao akaiona sura yake.

Mwanangu mimi nywele zilisimama. Lakini Mzee wako ndo ungemwona. Muda wote wa mapigano alikuwa anatazama kimya kimya, kidogo asinzie, lakini bata alipoanza kuongea kuhusu supu akakaa sawa kwenye kiti. Nikamtafsiria. Akasema, "Rudisha hapo." Nikarudisha. Akasema rudisha tena. Mara tatu! Akacheka mpaka akashika ubavu, akasema wateja walikuwa wanatoka mpaka Chumbageni wanamuuliza Mzee unaweka nini humu, na yeye alikuwa ananyamaza tu anatabasamu. Nikaona leo ndo leo, nikamuuliza basi Baba, ulikuwa unaweka nini. Akasema ndimu, tangawizi, chumvi, na kuamka saa tisa usiku.

Nimekuandikia kama alivyosema.

Na kile kidole hakikuwa kwenye gombo. Shifu alikuwa kamtisha nacho Po siku za mwanzo kabisa, hakumfundisha. Mwisho pale Tai Lung anamwambia Po kwamba Shifu hajamfundisha hiyo, Po anajibu kwamba kaigundua mwenyewe. Tai Lung naye kukasirika kwake ni kwa sababu kalifungua kakuta tupu, miaka ishirini gerezani anawaza kitu ambacho hakipo. Kwa hiyo ubishi wetu sote tulikosa, ingawa wewe ulikosa vizuri zaidi.

Ile sehemu ya vijiti vya kulia chakula tuliiona kipindi kile lakini nirudie kidogo maana sasa nimeielewa. Shifu kagundua huyu mtu anajifunza kwa chakula, akampeleka mlimani akamfundisha huko kwa njaa, mwishoni anamwambia sasa uko huru kula, na kila Po akishika kimoja kati ya vile vidonge vya unga vya mvuke Shifu anakipokonya. Wanapigana kwa vijiti mpaka kinabaki kimoja, kinarushwa juu, kinadakwa, bakuli zinazunguka, na Po anakishinda. Anakishika mkononi kabisa, jasho linamtoka, alafu anamrushia mwalimu wake, anasema hana njaa. Kipindi kile tulishangilia mapigo. Safari hii nilimwangalia Shifu uso wake.

Wapwa zangu wakarukia vijiti hapo hapo. Kwenye sidii kuna kipande wanaonyesha jinsi ya kushika vijiti na kingine jinsi ya kutengeneza tambi, basi wakachukua njiti za mishikaki za Mzee wakagombania vitumbua mpaka vya mwisho vikaangukia mkekani.

Kile kipicha kifupi wamekipenda kuliko hata picha kubwa. Po anafundisha watoto sungura, wamekuja kujifunza kupiga watu, yeye anawahadithia kila mmoja wa wale watano alianzaje. Viper kazaliwa hana meno ya sumu na baba yake ndo bingwa wa sumu kijijini. Crane alikuwa mfagizi wa chuo cha kung fu. Tigress kalelewa kituo cha yatima, watoto wenzake wanamwogopa wanamwita zimwi, Shifu anakuja kumfundisha kuzuia nguvu zake kwa kumpangisha vipande vya mchezo bila kuvivunja. Hiyo ya Tigress yule mpwa wangu wa mwisho, unajua mama yake hayupo, aliiangalia kwa kunikumbatia mkono. Sikumwambia kitu.

Picha ilipoisha yakaja majina, nikanyanyuka nizime, binamu akanizuia, subiri. Majina yakaenda mpaka yakaisha yote. Kikaja kipande kingine! Shifu na Po wamekaa chini ya ule mti wa kobe Oogway, mwalimu wa Shifu, wanakula pamoja, kimya, na pembeni yao ile mbegu aliyoizika Shifu imechipua. Pale banda umiza jamaa alikuwa anachomoa sidii majina yakianza tu ili aingize ya kina Van Damme, hatukuwa na namna ya kujua.

Sasa nilitaka nikutumie hizi sidii kwa basi, ila Mzee kazishikilia. Kaziweka kwenye kabati la vyombo, lile la vikombe vya mgahawani, kafunga na ufunguo. Kasema anayetaka kuiona aje aiangalie hapa hapa, na kanitajia jina lako. Deki nimeiacha huko huko.

Niambie lini unapata likizo.

Mshkaji wako wa benchi la mbele